Mwenzangu Mwislamu ananiuliza: Yesu alisema wapi kwamba yeye ni Mungu?

SWALI: Bwana asifiwe mwalimu. Mimi ni kijana nafanya kazi kwa duka ya spea hapa Grogan, Nairobi, na kuna mwenzangu Mwislamu tunauza naye, ni mtu mzuri sana na tunakula pamoja kila siku. Sasa tangu Ramadhani iishe amekuwa akiniuliza swali moja tu, nimuonyeshe kwa Biblia mahali Yesu amesema kwa mdomo wake mwenyewe "mimi ni Mungu, niabuduni". Nimetafuta sijaona. Nilimpea Yohana 10:30, "Mimi na Baba tu umoja", akanipeleka Yohana 17:21 penye Yesu anawaombea wanafunzi nao wawe umoja, akaniuliza kwani na wao ni miungu? Halafu akaniongezea Yohana 14:28, Marko 10:18 na Marko 13:32, na akamaliza na kusema Yesu alifanywa Mungu na Kaisari Constantine kwa mkutano wa maaskofu kule Nikea mwaka 325. Mwalimu nilinyamaza. Kwa seli yetu, kile kikundi chetu cha maombi, wananiambia niachane na yeye kabisa. Nimjibu aje? Na kama Yesu hakusema, sisi tulitoa wapi?

JIBU: Amen ndugu yangu. Kwanza, kunyamaza haukukosea, heri unyamaze kuliko kumtupia mtu mstari wewe mwenyewe haujauelewa, na hiyo ndiyo shida naona kwa wahubiri wengi pale bustani ya Jeevanjee saa za mchana na kwa mihadhara pia, mtu anarusha mistari kumi haraka haraka na hakuna hata mmoja amekaa nao. Na nikuambie ukweli wote: hayo maneno jinsi mwenzako ameyapanga, "mimi ni Mungu, niabuduni", hayako kwa Injili yoyote. Usitafute tena. Ukikubali hapo haujapoteza kitu.

Lakini sasa fikiria, Yesu alikuwa anaongea na nani? Wayahudi, watu wanaosema kila asubuhi na jioni "Sikiza, Ee Israeli; BWANA, Mungu wetu, BWANA ndiye mmoja" (Kumbukumbu 6:4). Angesimama tu pale Kapernaumu aseme mimi ni Mungu, wangesikia mambo mawili, aidha kwamba yeye ndiye Baba aliye mbinguni ameshuka na huko juu hakuna mtu, ama kwamba sasa kuna miungu wawili, na yote mawili ni uongo, sisi wenyewe Wakristo hatuyaamini. Kwa hivyo yeye alifanya kitu kingine kabisa. Alichukua vitu ambavyo Torati, Zaburi na manabii wanasema ni vya Mungu peke yake, akavitumia kama vyake, mbele ya watu waliosoma hayo maandiko tangu utotoni. Na walimuelewa, ndio sababu walishika mawe.

Ukienda kwa mwenzako usianze na Yohana, atakuambia Yohana iliandikwa miaka mingi baadaye. Anza na Marko, ambayo wasomi wengi wanaiona ndiyo ya kwanza kuandikwa kati ya zile nne. Sura ya pili tu, yule mwenye kupooza ameteremshwa kwa paa, Yesu anamwambia umesamehewa dhambi zako. Waandishi waliokaa pale wanasema moyoni, "Anakufuru. Ni nani awezaye kusamehe dhambi isipokuwa mmoja, ndiye Mungu?" Hapo walikuwa sawa kabisa kwa dini yao, na nabii yeyote angewarekebisha mara moja, angesema jamani hapana, mimi natangaza tu msamaha wa Mungu, vile Nathani alimwambia Daudi kwamba BWANA ameiondoa dhambi yako. Yesu hakuwarekebisha. Alisema Mwana wa Adamu anayo amri duniani ya kusamehe dhambi, akamsimamisha yule mtu na kitanda chake wakaona wote.

Hiyo jina, Mwana wa Adamu, ndiyo itakusaidia kuliko mistari mingine yote, na ni huzuni kwamba Wakristo wengi tunaipita. Sisi tukisikia "Mwana wa Adamu" tunadhani Yesu alikuwa anajishusha, anasema mimi ni binadamu tu kama nyinyi. Sasa enda Marko 14 kuanzia mstari wa 55, usiku ule amesimama mbele ya kuhani mkuu na baraza. Mashahidi wameletwa, wanapingana, kesi inaelekea kuanguka. Kuhani mkuu anaamka anauliza mwenyewe, wewe ndiwe Kristo, Mwana wake Mtukufu? Yesu anajibu, "Mimi ndiye, nanyi mtamwona Mwana wa Adamu ameketi mkono wa kuume wa nguvu, akija na mawingu ya mbinguni." Papo hapo kuhani anararua mavazi yake, anasema mmesikia kufuru yake, mna haja gani tena ya mashahidi, na wote wanahukumu kwamba imempasa kuuawa.

Kaa hapo na mwenzako, msiharakishe. Muulize, kufuru iko wapi kwa hayo maneno? Kusema wewe ni Masihi peke yake haikuwa kufuru kwa Wayahudi. Karibu miaka mia moja baadaye alitokea Bar Kokhba, akaongoza vita dhidi ya Warumi kati ya mwaka 132 na 135, na Rabi Akiva, mmoja wa walimu wakubwa kabisa wa Kiyahudi, alimtaja kuwa ndiye Mfalme Masihi. Walimu wengine hawakukubaliana na yeye, lakini hakuna mtu alirarua nguo akasema amekufuru. Kwa hivyo kitu kilichomfanya kuhani ararue mavazi kiko kwa ile sehemu ya pili ya jibu, na hiyo sehemu Yesu ameitoa kwa maandiko mawili ambayo kila mtu kwa hilo baraza aliyajua.

La kwanza ni Danieli 7:13-14. Danieli anaona viti vya enzi vimewekwa, Mzee wa Siku, yaani Mungu, ameketi, halafu anakuja mmoja aliye mfano wa mwanadamu pamoja na mawingu ya mbingu, anapewa mamlaka na utukufu na ufalme, ili watu wa kabila zote na taifa zote na lugha zote wamtumikie, na mamlaka yake haitapita milele. Ebu angalia hayo mawingu. Kwa Agano la Kale anayepanda mawingu ni nani? Zaburi 104:3, Mungu ndiye anafanya mawingu kuwa gari lake. Isaya 19:1, BWANA amepanda juu ya wingu jepesi anakuja Misri. Na hiki ni kitabu cha Danieli, kitabu ambacho kwa sura ya tatu vijana watatu wanatupwa kwa tanuru la moto kwa sababu wamekataa kutumikia chochote isipokuwa Mungu wao. Halafu kitabu hicho hicho kinakuja kusema mataifa yote yatamtumikia huyu mwenye sura ya mwanadamu, na Mungu mwenyewe ndiye amempa! Mwenzako akisoma mbele atakuambia sura hiyo inaendelea kusema ufalme wapewa watakatifu wake Aliye juu, kwa hivyo huyo mtu ni picha ya taifa la Israeli. Ni swali la haki, na kuna walimu wengi wanasoma hivyo. Lakini pale barazani Yesu hakusema mtaliona taifa, alisema mtamwona, na aliyeulizwa ni yeye.

La pili ni Zaburi 110:1, "Neno la BWANA kwa Bwana wangu, Uketi mkono wangu wa kuume". Siku chache kabla, hekaluni, Yesu alikuwa amewauliza swali juu ya hiyo zaburi (Marko 12:35-37), kama Masihi ni mwana wa Daudi tu, mbona Daudi mwenyewe anamwita Bwana? Sasa usiku wa kesi anawaambia mtaniona nimekaa hapo. Ona, yeye ndiye amefungwa kamba na wao ndio mahakimu, halafu anawaambia kwamba atakaa kando ya Mungu na kuja na mawingu kama mwenye kuhukumu. Kuhani mkuu alielewa. Mtu anaweza kukataa kwamba Yesu alisema kweli, lakini kusema hakudai kitu, hiyo haiwezekani, kwa sababu aliuawa kwa hayo madai.

Ukishafika hapo ndio Yohana inaingia vizuri. Ile 10:30 uliyompea usiitoe peke yake, anza 10:28 penye Yesu anasema anawapa kondoo wake uzima wa milele, na hakuna mtu atawapokonya kwa mkono wake, halafu anasema vile vile juu ya mkono wa Baba, na ukifika mstari wa 33 Wayahudi wanasema wazi, wewe uliye mwanadamu wajifanya mwenyewe u Mungu. Umoja wa Yohana 17 ni wa kweli, lakini hakuna mwanafunzi alisema anapeana uzima wa milele. Na ile ya Tomaso, Yohana 20:28, "Bwana wangu na Mungu wangu!", ilinganishe na Matendo 10, Kornelio anaanguka miguuni pa Petro, Petro anamuinua anasema simama, mimi nami ni mwanadamu. Paulo na Barnaba kule Listra walirarua nguo zao watu wakitaka kuwatolea dhabihu. Malaika wa Ufunuo 22 anamwambia Yohana usifanye hivi, msujudie Mungu. Wote hao wanakataa, Yesu hakatai, anamwambia Tomaso umeamini kwa sababu umeniona.

Sasa ile mistari mitatu ya mwenzako. Marko 10:18, "Kwa nini kuniita mwema? Hakuna aliye mwema ila mmoja, ndiye Mungu." Yesu hajasema mimi si mwema, ameuliza swali, na ukisoma mpaka mstari wa 21 yule tajiri ameshika amri tangu ujana, bado amepungukiwa na neno moja, na hilo neno ni auze vyote kisha amfuate Yesu. Nani anaweza kuongeza hivyo juu ya amri za Mungu? Yohana 14:28, "Baba ni mkuu kuliko mimi", hapo hata mimi nashangaa mtu akiitumia, kwa maana ni nabii gani amewahi kuona haja ya kuwaambia watu kwamba Mungu ni mkuu kuliko yeye? Anasema hivyo kama Mwana aliyetumwa, amevaa mwili, anarudi kwa Baba.

Marko 13:32 ndiyo nzito, na usiipitie juu juu. Yesu anasema siku ile na saa ile hakuna aijuaye, hata malaika, wala Mwana, ila Baba. Angalia tu kwanza mpangilio, binadamu, malaika, Mwana, Baba, yaani amejiweka juu ya malaika. Lakini swali linabaki, hajui aje? Kanisa tangu zamani, Athanasio, askofu wa Aleksandria wa karne ya nne, akiwa mmoja wao, limejibu kwamba Neno alifanyika mtu kweli kweli, alisikia njaa, alichoka, alilala kwa mashua, alikua kwa hekima kama Luka 2:52 inavyosema, na kutojua kule ni kwa upande wa ubinadamu aliouvaa. Wafilipi 2 inasema alijifanya hana utukufu, akatwaa namna ya mtumwa. Mimi naamini hivyo kwa moyo wangu wote na bado ni siri ambayo siwezi kuimaliza kwa maneno. Mwambie hivyo hivyo.

Nikea sasa. Mzozo wa 325 ulikuwa juu ya Ario, kasisi wa Aleksandria, na hata yeye hakuwa anasema Yesu ni nabii tu, alisema Mwana aliumbwa kabla ya ulimwengu na ulimwengu ukaumbwa kupitia kwake. Yaani waliokuwa wanabishana wote walikuwa wanamsujudia Yesu tayari. Paulo aliandika 1 Wakorintho karibu mwaka wa 55, na kwa 8:6 anachukua ile "BWANA ndiye mmoja" ya Musa anamuweka Yesu ndani, Mungu mmoja aliye Baba, na Bwana mmoja Yesu Kristo ambaye kwa yeye vitu vyote vimekuwapo. Wafilipi 2:10 inasema kwa jina la Yesu kila goti lipigwe, na hiyo Paulo ameitoa Isaya 45:23 penye BWANA anasema kila goti litapigwa mbele zangu. Kama anataka shahidi asiye Mkristo, yuko Pliny, gavana wa Kirumi wa Bithinia, ambaye karibu mwaka 112 alimwandikia Kaisari Trajan kwamba Wakristo wanakutana kabla ya mapambazuko wanamwimbia Kristo kama Mungu. Na mji wa Nikea ulikuwa ndani ya hiyo Bithinia, zaidi ya miaka 200 kabla ya Constantine kuitisha mkutano.

Jambo lingine, usije ukampea 1 Yohana 5 yale maneno ya Baba na Neno na Roho Mtakatifu mbinguni. Nakala za zamani za Kigiriki hazina hayo maneno, mwenzako akijua hilo atakuona mwongo na haitakuwa kosa lake. Hatuna haja nayo.

Kuhusu wale wa seli yenu, najua wanakupenda na wanaogopa utapotea, lakini mimi sikubaliani nao. 1 Petro 3:15 inataka tuwe tayari kumjibu kila mtu atuulizaye, kwa upole na kwa hofu, na huyu amekuuliza. Usibishane naye mbele ya wateja wala mbele ya wenzake, tafuta wakati mko wawili, beba Biblia, mpe asome mwenyewe Marko 14 na Danieli 7 kwa sauti, wewe nyamaza asome. Na umsikilize pia akikueleza imani yake, usimkatize. Akikuuliza Mungu anawezaje kufa msalabani, na atauliza, niandikie tena tuliangalie hilo peke yake.