AC inayolia na kunyamaza: andika saa kabla ya kumwita fundi

Kelele ya AC inayokuja na kuondoka inachosha, kwa sababu fundi akifika mashine imetulia. Mnakaa nayo, mnakunywa chai, haitoi hata mlio. Fundi naye hataki kuondoka hivi hivi, anasema gesi imepungua, anajaza, unalipa. Usiku ule ule inaanza tena.

Niliseme hili mapema maana linaniuma kuona watu wanavyopoteza pesa: gesi ya AC haiishi kwa kutumika. Imefungiwa ndani ya mabomba, inazunguka humo humo miaka na miaka. Ikipungua, basi pana pahala inavuja, na pahala hapo patafutwe na pazibwe kwanza. Chumba kikiwa kinapoa kama kawaida na tatizo lako ni kelele tu, usikubali kujaziwa gesi mpaka fundi apime mbele yako na akuoneshe upungufu uko wapi.

Kwetu Mazizini, hapa Unguja, kilichosaidia ni daftari la skuli. Tuliliweka juu ya friji, na kila anayesikia kelele aandike: saa ngapi, AC imewaka tangu lini, umeme ukoje, upepo ukoje. Sauti yenyewe kila mtu aliieleza kivyake. Mama alisema ni kama mtu anakuna nazi, watoto wakasema pikipiki. Lakini kwenye saa hapakuwa na ubishi. Kelele ilikuja baada ya saa sita usiku tu, mchana haikusikika hata siku moja.

Hapo tukapata pa kuanzia. AC yetu ni ya inveta, na hizo haziendi kwa kasi moja. Mchana wa joto la kaskazi kompresa, yaani ile pampu inayosukuma gesi, inakwenda mbio. Usiku chumba kimeshapoa, inapunguza mwendo. Na chuma chochote kilicholegea kina kasi yake kinayotikisika nayo zaidi kuliko nyengine. Mbio hakisikiki, taratibu kinapiga kelele. Basi usiku ilipoanza nilitoka na tochi, nikaweka kiganja juu ya bodi la mashine ya nje, nikakandamiza. Kimya. Nikaondoa mkono, ikarudi. Nikahamia kila pembe, moja baada ya moja, mpaka nikafika mguu wa kushoto, upande wa baharini. Mpira wa chini yake ulikuwa umekauka na kupasuka, na bolti imeliwa na kutu hata kichwa hakijulikani umbo. Asubuhi nilimwita fundi nikampeleka moja kwa moja pale. Akabadilisha mipira yote minne, akaweka bolti za chuma kisichoshika kutu, akasogeza na bomba la shaba lililokuwa linagusa stendi. Gesi hakuigusa.

Jaribio hilo la kiganja ndilo ninalompa kila mtu kwanza. Gusa bodi la nje tu, usitie vidole wala kijiti kwenye feni. Na usifungue kifuniko hata kama umezima umeme, kwani kapasita, kile kifaa kinachohifadhi umeme, inaweza kubaki na chaji ya kukudhuru.

Jamaa zetu wa Mji Mkongwe wana shida yao zaidi. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hazishiki bolti kama zege. Chokaa inamomonyoka kidogo kidogo ndani ya tundu, stendi inaanza kucheza, na mtikisiko unaingia ukutani mpaka kwa jirani. Kukaza nati hapo ni kazi bure. Kama ipo nafasi uani au juu ya paa la zege, isimamishe mashine chini, juu ya mipira.

Saa nyengine ya kuangalia ni baina ya magharibi na isha, watu wote wamewasha vitu na umeme umekuwa mdogo. Ukisikia mashine ya nje inavuma sekunde chache, halafu tak, kimya, na baada ya dakika kadhaa inajaribu tena, kompresa inashindwa kuondoka. Je, alfajiri umeme ukiwa mzuri inafanya hivyo hivyo? Ikifanya, na AC si ya inveta, mtuhumiwa wa kwanza ni kapasita. Fundi aipime kwa mita na alinganishe na namba ya maikrofaradi, yaani kipimo chake, iliyoandikwa ubavuni mwake. Ikiwa alfajiri inaondoka vizuri, pima volti wakati wa jioni. Kawaida yetu ni 230. Zikishuka sana, zima AC mpaka umeme utulie, usiiache ijaribu usiku kucha. Kompresa huungua hivyo, na bei yake inaweza kukaribia ya mashine mpya.

Upepo nao tuliuandika kwenye daftari kwa sababu yake. Wakati wa kusi, mashine ya ndani ikitoa gulu-gulu huku chumba kimefungwa kabisa, huwa ni hewa inayopanda kwenye mpira wa maji na kugombana na maji yanayoshuka. Fungua dirisha kidogo. Mlio ukikatika pale pale, umeshajua, na kifaa kidogo cha kuzuia hewa isirudi nyuma mwishoni mwa mpira kinatosha.

Vijimlio vya tik-tik dakika za mwanzo na baada ya kuzima ni plastiki inayojikunja na kujinyoosha kwa baridi na joto. Ule mchirizo unaosikika kompresa inaposimama ni gesi inayosawazisha msukumo wake. Viache. Ila mpasuko ukifuatana na matone ya maji, fungua kifuniko cha mbele cha mashine ya ndani, kile cha filta, uangalie kama ndani pameganda barafu. Osha filta kwanza. Ikiganda tena na filta ni safi, hapo ndipo swali la gesi lina nafasi yake.

Wanaotazama video za Ulaya wajue jambo moja. Kule mashine hii hii hugeuzwa wakati wa baridi, ikavuta joto la nje kuleta ndani, na mashine ya nje ikishika barafu hujigeuza yenyewe kuiyeyusha, kwa mvumo mkubwa unaotisha. Hiyo kwao ni kawaida. Yako unayoitumia kupoza tu haina kazi hiyo, kwa hiyo usitulizwe na maelezo yao ikivuma ghafla.

Fundi ukimpigia, mtumie kwanza sauti uliyorekodi kwa simu pamoja na picha ya ukurasa wa daftari, na mwambie umegusa wapi ikanyamaza. Akitaka kuja mchana kwa kelele ya usiku, muombe aje baada ya isha.