Maswali ya Wasomaji: Mtunzi Aliyeanza kwa Kusikiliza Maneno

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha kwaya ya vijana huku Iringa. Kwenye semina yetu mtoa mada alimtaja Nketia wa Ghana kwa dakika mbili tu, kwamba ni mtunzi wa muziki wa nota na pia mwandishi wa vitabu, kisha akapita. Mtu anaandikaje vitabu vya ngoma za vijijini na huku anatunga muziki wa piano na fidla? Na sisi wa kwaya tunapata nini kwake?
*Mwalimu wa kwaya, Iringa*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huyu nimeishi naye kwenye nota zake miaka mingi, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Joseph Hanson Kwabena Nketia alizaliwa mwaka 1921 Mampong, katika nchi ya Waasante, enzi hizo Ghana ikiitwa Gold Coast. Alifariki Machi 2019 akiwa na miaka 97. Alisoma katika chuo cha ualimu cha Wapresbiteri kule Akropong, kisha akafundisha hapohapo. Kabla yake chuoni hapo alipita Ephraim Amu, mwalimu wa muziki aliyeondolewa mwaka 1933 kwa sababu alipanda mimbarini amejifunga nguo ya kienyeji badala ya suti, na alitaka muziki wa Kiafrika uingie kanisani. Amu aliondoka lakini nyimbo zake zilibaki. Kijana Nketia akazikuta, akazipenda, akafunga safari mpaka chuo cha Achimota kumtafuta Amu mwenyewe.

Amu alikuwa ameona kasoro ambayo wamisionari hawakuiona. Kitwi, lugha ya Waasante, ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana ya neno. Chukua neno *papa*. Ukitamka silabi zote mbili kwa sauti ya juu, umesema “nzuri”. Ukianza chini ukapanda, ni “baba”. Zote mbili zikiwa chini, ni upepeo. Sasa chukua wimbo wa Kijerumani au wa Kiingereza, utafsiri maneno, uyabandike juu ya tyuni ileile. Tyuni inapanda pale neno linaposhuka. Waumini wanaimba kwa moyo wote, na maneno yanayotoka ni mengine. Amu akaanza kutunga tyuni zinazofuata mwendo wa maneno, na Nketia akaishika njia hiyo.

Ndiyo maana mwaka 1944, alipokwenda London, somo lake la kwanza lilikuwa isimu, yaani elimu ya lugha, pale SOAS, chuo cha taaluma za Asia na Afrika, chini ya Profesa Firth. Muziki alisoma baadaye, katika Trinity College of Music. Mimi naona mpangilio huo ndio jibu la swali lako. Alijifunza kwanza kusikia watu wanavyosema, halafu akaandika walivyoimba, halafu akatunga. Kitabu chake cha mwaka 1955 ni cha maombolezo ya Waakan, jamii kubwa ambayo Waasante wamo ndani yake, zile tenzi za msibani ambazo wanawake huziimba wakimtaja marehemu kwa majina ya ukoo wake na kijiji alikotoka. Cha mwaka 1963 ni cha upigaji ngoma, na humo utakutana na *atumpan*, ngoma mbili zinazosimama pamoja, moja ya sauti ya juu na nyingine ya chini. Mpigaji hufuata toni za maneno, juu na chini, na mwenye masikio husikia ngoma inazungumza. Mtu aliyekaa na wapigaji wa *atumpan* akiandika silabi kwa silabi, ukimpa kalamu ya nota atatunga vivyo hivyo. Kwake ilikuwa kazi moja. Aliandika hata mashairi na tamthilia kwa Kitwi.

Sasa utaniambia Kiswahili hakina toni. Kweli, ila kina mkazo, na mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho. Tunayo hata maneno yanayobadilika maana ukiuhamisha: *barabara* tunayopita na *barabara* ya sawasawa zinaandikwa kitu kimoja, lakini hakuna Mswahili anayezichanganya akizisema. Miaka ya nyuma nilitunga wimbo wa neno *amani*. Nikaiweka *a* kwenye pigo la nguvu, *ma* ikapita haraka, *ni* nikaivuta mapigo manne ili soprano zipate pa kupaa. Kwaya iliuimba vizuri sana. Baada ya ibada bibi mmoja alinishika mkono akaniambia, “Tyuni nzuri, mwanangu, ila sikusikia mlikuwa mnaimba nini.” Nilirudi nyumbani nikamsoma Nketia upya usiku ule. Nikaitoa *a* mbele kidogo kabla ya pigo, *ma* ikakaa juu ya pigo lenyewe, *ni* ikawa fupi. Nota zilikuwa zilezile tatu. Jumapili iliyofuata bibi yule aliimba nasi.

Fanya hivi na vijana wako: kabla ya kuwagawia solfa, waambie wasome maneno kwa sauti kama watu wanaoongea, mara tatu. Piga mstari chini ya silabi yenye mkazo. Kisha tazama tyuni inaweka nguvu wapi. Pasipolingana, rekebisha tyuni, usirekebishe Kiswahili.

SWALI: Mwalimu, nasikia Nketia aliishi sana Marekani. Je, si kweli kwamba hata yeye aliikimbia Afrika?
*Msomaji, Dar es Salaam*

JIBU: Hapana. Alifundisha UCLA, Chuo Kikuu cha California kule Los Angeles, na kutoka 1983 hadi 1991 Chuo Kikuu cha Pittsburgh, hilo ni kweli. Lakini Legon, yaani Chuo Kikuu cha Ghana, alianza kazi mwaka 1952, na tangu 1965 aliongoza Taasisi ya Taaluma za Afrika, ile iliyofunguliwa rasmi na Nkrumah mwaka 1963. Safari yake ya kwanza Marekani, 1958, ilikuwa ya kusoma, na huko alikutana na mtunzi Henry Cowell. Alipostaafu Pittsburgh alirudi Legon, na mwaka 1992 akaanzisha kituo cha kimataifa cha muziki na ngoma za Afrika. Wakati huo umri wake ulishapita 70. Kuna wazee wengi ambao wangekaa kivulini, na wala nisingewalaumu.

SWALI: Habari za kazi, Mwalimu. Nina miaka 19, nasomea piano hapa Nairobi. Nimezoea Bach na vipande vya mitihani. Nikitaka kupiga kazi za Nketia nianzie wapi? Rafiki yangu ana nota za kipande kimoja, nikijaribu vidole vinajua lakini mdundo unanitoroka.
*Mwanafunzi wa piano, Nairobi*

JIBU: Nzuri, mwanangu. Usianze na *Volta Fantasy* ya 1961, wala usimsindikize mpiga fidla kwenye *Bolga Sonata* ya 1958, ingawa hiyo ukiisikia utaitamani. Jina lake linatokana na Bolgatanga, kaskazini mwa Ghana, mbali na kwao Asante, na napenda jinsi mtu yule alivyokwenda kusikiliza hata majirani. Wewe tafuta *African Pianism*, kitabu cha vipande 12 vya kujifunzia kilichotoka 1994. Kimetungwa kwa ajili ya mtu kama wewe.

Kuhusu mdundo kukutoroka: inuka kwenye kiti. Tatizo lako haliko kwenye vidole. Nketia ndiye aliyewapa wasomi jina la “mstari wa muda” kwa ule mdundo wa kengele ya chuma unaorudiwa bila kubadilika ngoma nyingine zikicheza juu yake. Jifunze mmoja maarufu wa Afrika Magharibi kwa mwili wako. Hesabu 1 hadi 12, taratibu, bila kusita, na ukifika 12 rudi 1. Piga makofi kwenye 1, 3, 5, 6, 8, 10 na 12. Ukishazoea, ongeza mguu: kanyaga 1, 4, 7 na 10. Utaona mguu na makofi vinakutana mara mbili tu, kwenye 1 na 10. Kwenye 4 na 7 mguu uko peke yake, na hapo ndipo wanafunzi wangu wote huanguka. Usiongeze kasi. Lala nao, amka nao, pika ugali nao.

Baada ya wiki moja, acha makofi yaleyale ila badili mguu: sasa kanyaga 1, 3, 5, 7, 9 na 11. Utasikia vinakwenda pamoja mara tatu, halafu makofi yanaanza kuangukia katikati ya nyayo mpaka mwisho wa duara. Makofi hayajabadilika hata kidogo, lakini utadhani umeingia kwenye ngoma nyingine. Hapo rudi kwenye piano, mpe mkono wa kushoto kazi ya miguu, kisha ufungue ukurasa wa kwanza.