Leza kwa ngozi nyeusi

Swali: Mimi ni mwanamke mwenye ngozi nyeusi, na ningependa kuondoa ndevu za kidevuni kwa leza. Je, ni salama?

Jibu: Inaweza kuwa salama, ila uliza kwanza aina ya mashine, kwa kuwa mwanga wa leza hufuata rangi iliyomo kwenye nywele, na ngozi yenye rangi nyingi huweza kuufyonza mwanga huohuo ikaungua au kubaki na madoa. Leza ya Nd:YAG, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 1064, ndiyo inayofaa zaidi ngozi yako, nayo ijaribiwe kwanza mahali padogo. Using'oe nywele kwa wiki 4 kabla ya matibabu, kunyoa kunaruhusiwa. Mtaje daktari dawa zote unazotumia, na ujauzito kama upo. Iwapo ndevu hizo zimeota ghafla, kwa maoni yetu upimwe homoni kabla ya kulipia leza yoyote.