Ukienda kununua kamera ya video ya bei nafuu, nenda na hedifoni

Kamera yangu ya kwanza ya video niliinunua kwa sababu ya maandishi ya ubavuni. Imeandikwa 4K kwa rangi ya dhahabu, boksi linasema zumu sijui mara ngapi, bei yenyewe ya kawaida, nikaona hapa nimeotea. Wiki mbili baadae dada yangu akaolewa na mimi ndo nikapewa kazi ya kurekodi. Babu aliposimama kumuusia mjukuu wake nilikuwa nimekaa nyuma kidogo, nikavuta zumu mpaka uso wake ukajaa kwenye skrini. Leo ukifungua ile video unamuona babu anainua kidole, anaongea, anatabasamu, dada anafuta machozi, ila unachosikia ni feni ya juu na vijiko vinagonga sahani na mtu nyuma yangu anauliza gari linaondoka saa ngapi. Babu alishafariki. Maneno yake hatuna.

Kwahiyo mtu akiniuliza anunue kamera gani kwa hela ndogo, kabla ya yote namuuliza hivi, hiyo unayoitaka ina tundu la maiki?

Zumu inavuta picha, sauti haivuti. Maiki iliyojengewa ndani ya kamera inasikia kilicho karibu yake, yani wewe na jirani yako na kidole chako kikigusa kamera, mzungumzaji aliyeko mita kumi huko mbele anabaki kama yuko chumba cha pili. Tundu la maiki la 3.5 mm linakuwezesha kuchomeka maiki ya kubana kwenye nguo au kuisogeza karibu na anayeongea, na kama kuna tundu la hedifoni pia ni bora zaidi maana unasikia palepale kama sauti inaingia, sio mpaka ufike nyumbani. Kamera nyingi za bei ya chini kabisa hawaweki haya matundu. Canon Vixia HF R800 ni kamera ya daraja la chini na ina yote mawili, kwahiyo usikubali kuambiwa lazima ulipe hela nyingi. Na kama tayari unayo isiyo na tundu usiitupe, washa kurekodi sauti kwenye simu, mtumbukizie mzungumzaji mfukoni, alafu gonganisha viganja vyako mara moja mbele ya kamera kabla hajaanza. Ule mlio ndo utakaokusaidia kulinganisha picha na sauti wakati wa kuedit.

Sasa hiyo 4K. Full HD ni pikseli (vidoti vinavyounda picha) 1920 kwa 1080, 4K za kamera hizi ni 3840 kwa 2160, ambayo ni mara nne. Ila kuna kamera zisizo na jina zinapiga picha ndogo alafu programu ya ndani inaitanua mpaka ifike hizo namba, na ndicho nilichouziwa mimi. Namna ya kujua ni rahisi, rekodi ukurasa wa gazeti kwa mbali kidogo, ifungue kwenye kompyuta na uikuze. 4K ya kweli herufi zinasomeka, ya kutanuliwa zinakuwa kama zimelowa maji. Mimi ningechukua Full HD safi kuliko 4K ya namna ile, tena hata kompyuta yako itakushukuru.

Kinachoamua picha zaidi ni sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, na kwenye boksi wanaiandika kwa maandishi madogo au hawaiandiki kabisa. Kamera ndogo za mkononi nyingi zina sensa kama ya inchi 1/5.8, kadogo sana. Juani zinapiga picha nzuri tu, ingia ukumbini jioni uone, mwanga hautoshi, kamera inalazimisha kuung'arisha na hapo chenga zinaanza, suti nyeusi inaonekana kama ina siafu. Kwahiyo usijaribu kamera mlangoni kwenye mwanga, ingia nayo kona yenye giza, rekodi uso wa mtu nusu dakika. Kama kazi zako nyingi ni za ndani na usiku, bora utafute kamera ya kubadilisha lenzi iliyotumika, mfano Panasonic G7 ya mwaka 2015, ina sensa kubwa zaidi, 4K ya kweli na tundu la maiki. Ila uliza kuhusu muda wa kurekodi, kwasababu kamera nyingi za picha za miaka hiyo zinajikata zenyewe kwenye dakika 29 na sekunde 59, chanzo ikiwa ni ushuru wa forodha uliokuwepo Umoja wa Ulaya, kifaa kikirekodi dakika 30 na zaidi kilihesabiwa ni kamera ya video na kutozwa. Mahubiri au mkutano wa masaa mawili, hiyo itakukera.

Zumu ya dijitali isahau kabisa, ni kukuza picha tu. Angalia namba ya zumu ya lenzi peke yake, na ukishapita mara 10 bila tripodi picha itatetemeka hata uwe na mkono wa fundi saa.

Memori kadi watu wanaipuuza. Rekodi ya Mbps 24 (megabiti kwa sekunde) inakula kama GB 11 kwa saa, kwahiyo kadi ya GB 32 inakupa karibu masaa matatu, lakini 4K ya Mbps 100 inakula GB 45 kwa saa. Nunua kadi iliyoandikwa V30, alama ya kasi ya kuandika video, alafu ijaze yote siku ya kwanza na ufungue faili la mwisho uone kama linacheza, kadi feki zinadanganya ukubwa na utakuja kugundua siku ya tukio.

Ukinunua iliyotumika, mulika lenzi na tochi ya simu uangalie ukungu ndani, fungua na kufunga skrini mara nyingi uone kama picha inakatika, funika lenzi urekodi giza utafute vidoti vyeupe, na chungulia menyu, maana baadhi ya zilizotengenezwa kwa soko la Japani ni Kijapani tupu. Betri hesabu kabisa kwamba utanunua mpya.

Mimi mwishowe nilipata ya Full HD iliyotumika, imechubuka pembeni ila tundu la maiki zima. Mwaka jana familia ilikutana tena, nikambana bibi maiki kwenye mtandio, nikavaa hedifoni, nikakaa kulekule nyuma. Alipofika sehemu ya kumtaja babu alinyamaza kwanza, na kwenye hedifoni nilisikia mpaka pumzi yake kabla hajalitamka lile jina.