Kwa nini pango linapanda na mshahara haujasogea

Ndugu, umeuliza kwa nini pango la nyumba za bei nafuu hapa mjini Bowling Green, Marekani, linapanda wakati mshahara wako uko palepale. Nyumba hizo si za serikali. Tangu sheria ya 1986, Marekani humpa mwekezaji wa nyumba hizo punguzo la kodi anayolipa serikalini kwa miaka 10, na kiwango cha juu cha pango ambalo mwenye jengo anaweza kudai hakipimwi kwa mshahara wako, bali kwa kipato cha kati cha eneo zima (nusu ya familia hupata zaidi ya hapo, nusu pungufu). Mji ukijaa watu wenye mishahara minono, kiwango cha juu cha pango nacho hupanda. Hili linawaumiza sana watu wetu wa viwandani. Ukiwa na vocha ya Section 8, yaani msaada wa serikali wa kulipia sehemu ya pango, wenye majengo haya hawaruhusiwi kukukataa kwa sababu ya vocha hiyo. Iombe mapema, foleni ni ndefu.