Memba zinazogusana kwenye skrini huenda hazijaungana

Programu ya uchambuzi wa miundo ikimaliza hesabu bila onyo hata moja, usichukulie kwamba memba zote, yaani boriti, nguzo na vipande vingine vya muundo, zimeungana. Hilo ndilo ninalowasisitizia wahandisi wenzangu kila wanaponiletea modeli niikague, kwa sababu kasoro za miunganisho zinazonitia hofu ni zile zilizokaa kimya.

Chukua boriti ya mita 8 juu ya nguzo tatu, moja kila mwisho na moja katikati, ikiwa na pini (kiungo kinachoruhusu ncha izunguke) kwenye ncha zake na mzigo wa kilonyutoni (kN) 20 kwa kila mita. Mchoraji ameiingiza kama memba moja kutoka mwisho hadi mwisho. Nguzo ya katikati inafika pale pale ilipo boriti, ila boriti haina nodi, yaani nukta ya kuungania, mahali hapo. Ukitazama skrini, vyote vimekutana. Kwa programu, nguzo ile imesimama peke yake, na kwa kuwa imekazwa kwenye msingi, haianguki wala hailalamiki. Boriti nayo ina maegemeo yake mawili, imetulia. Hesabu inapita vizuri kabisa.

Sasa tazama matokeo. Boriti inapata momenti (nguvu ya kupinda) ya kNm 160 katikati, inayovuta upande wa chini. Ingeungana na nguzo, momenti kubwa ingekuwa kNm 40 juu ya nguzo hiyo, tena ingevuta upande wa juu. Kubonyea kumezidi kwa takriban mara 38. Nguzo iliyotakiwa kupokea kN 100 imebaki na uzito wake tu. Anayesanifu nondo kwa matokeo hayo atazijaza chini, wakati zege litapasuka juu, na msingi wa nguzo ya katikati atauchora mdogo kana kwamba hakuna kinachoteremka pale.

Jumla ya nguvu za maegemeo nayo haitakusaidia kuigundua kasoro hii. Kwenye modeli iliyoachana ni 80 na 80, jumla kN 160. Kwenye iliyoungana ni 30, 100 na 30, jumla ile ile. Wengi hulinganisha jumla na mzigo, wanaona zimelingana, wanafunga faili. Kinachosema ukweli ni mgawanyo: mzigo umeshukia nguzo ipi, na kiasi gani.

Chanzo ni kwamba programu haijui picha, inajua nodi. Memba mbili huungana pale tu zinapotumia nodi moja. Kwenye programu ya STAAD.Pro memba inajua nodi yake ya mwanzo na ya mwisho, basi; nodi iliyokaa katikati ya safari yake haiihusu. SAP2000 kwa kawaida huigawa memba yenyewe ndani kwa ndani pale inapopita juu ya nodi, mradi mpangilio huo haujazimwa. Ndiyo maana modeli iliyokuwa salama kwenye programu moja inaweza kuachana ikihamishiwa nyingine, bila mtu kugusa chochote.

Sehemu kubwa ya kasoro hizi hutoka kwenye michoro ya kompyuta (CAD). Mchoraji amefuata ukingo wa boriti sakafu hii na mstari wa kati sakafu ile, au mstari umeishia milimita 3 kabla ya kufika. Kuna chanzo kingine ambacho wengi hawakifikirii: mchoro uliobeba koordineti za upimaji wa ardhi. Namba iliyohifadhiwa kwa biti 32 hubakiza tarakimu 7 hivi za uhakika. Ukiwa kwenye koordineti ya mita 500,000, hatua ndogo kabisa inayoweza kuandikwa ni milimita 31 hivi. Ncha mbili zilizokuwa sehemu moja zinaweza kutengana kwa kukadiriwa tu. Usogeze mchoro karibu na sifuri kabla ya kuuingiza.

Katika ukaguzi, kwanza nawasha mwonekano unaofupisha memba ili kila moja ionyeshe mwanzo na mwisho wake. Boriti iliyopitiliza juu ya nguzo bila kukatika inaonekana mara moja. Halafu naondoa mizigo yote, nabakiza uzito wa muundo wenyewe, naendesha hesabu na kutazama umbo la kujipinda likiwa limekuzwa sana na likitembea. Hapo nakaa muda mrefu kuliko hatua nyingine yoyote, na sioni aibu kukaa. Naizungusha modeli, natazama sakafu moja moja. Boriti inayopita kwenye nguzo huku nguzo haitikisiki, bresi (memba ya mshazari inayozuia fremu isiyumbe) iliyobaki imenyooka wakati fremu imelala upande, ncha inayoning'inia: macho huyakamata haya haraka kuliko jedwali lolote. Kisha nafungua mchoro wa nguvu za kubana kwenye nguzo. Nguzo ya chini isiyobeba zaidi ya ile iliyo juu yake lazima ijieleze.

Kama programu yako inafanya uchambuzi wa mitetemo, uendeshe hata kama kazi haiuhitaji. Kipande kilicholegea hujitokeza kwenye mitetemo ya mwanzo kabisa, kikicheza peke yake kwa masafa ya chini sana huku jengo zima limetulia.

Kwenye kurekebisha, watu huharakia kitufe cha kuunganisha nodi zilizo karibu na kuweka toleransi kubwa (umbali ambao nodi zilizo ndani yake huunganishwa) ili kumaliza kazi. Naomba usifanye hivyo. Kama jengo lina nafasi ya kutanuka ya milimita 25 na wewe umeweka toleransi ya 50, nodi za pande mbili zitavutwa kuwa moja, na majengo mawili yaliyotakiwa kucheza kila moja kivyake yatakuwa jengo moja. Programu haitakuuliza. Tafuta kwanza umbali mdogo kabisa ambao ni wa kweli kwenye muundo wako, kisha uweke toleransi chini yake kwa mbali. Mimi huanza na milimita 1, nikaona ripoti inasema nini, ndipo napanda taratibu.

Unganisha nodi pacha kwanza, kisha ndipo ukate memba zinapokutana. Ukigeuza mpangilio, utakata boriti kwenye nodi mbili zilizoachana kwa milimita 2 na kujizalishia kimemba cha milimita 2, ambacho ugumu wake ni mkubwa mno ukilinganisha na majirani na huweza kuvuruga hesabu. Usikate pia kila kinachopishana. Bresi za msalaba ambazo kiwandani hupitana bila bolti katikati zinatakiwa zipitane hivyo hivyo kwenye modeli. Uliza mchoro wa viungo, usiamue kwa macho.

Baada ya kukata, rudi kwenye usanifu wa memba, maana hapa ndipo wengi huachia. Nguzo ya mita 6 iliyogawanywa vipande vitatu vya mita 2 inaweza kuhesabiwa kana kwamba imeshikiliwa kila mita 2 isijikunje, na ikaonekana ina nguvu tele. Rudisha urefu halisi, au uvikusanye vipande viwe memba moja ya usanifu. Kagua na pini: zinatakiwa zibaki kwenye ncha za asili, zisirudiwe pale ulipokata.

Kwenye slabu za meshi, yaani zilizogawanywa vipande vidogo vidogo, kanuni ni ile ile. Boriti iliyo chini ya slabu huungana nayo kwenye nodi za meshi zinazotumiwa na vyote viwili, na boriti yenye nodi mbili tu za mwisho imeshikwa na slabu hapo mwisho tu.

Mwisho kuna memba zilizolaliana, moja juu ya nyingine, zinazotokana na mstari uliochorwa mara mbili. Hizi hazionekani hata kwenye umbo la kujipinda, ila zinaongeza uzito na ugumu. Hapa sasa jumla ya nguvu za maegemeo ina kazi. Hifadhi nakala kabla ya kurekebisha, andika jumla kwa kila aina ya mzigo, rekebisha, kisha linganisha. Uzito wa muundo ukishuka baada ya kufuta nakala, ni sawa, ilimradi umeshuka kwa uzito wa memba ulizofuta. Mzigo wa sakafu ukibadilika, kuna mzigo uliopotea pamoja na memba iliyofutwa. Urudishe kabla hujasoma tokeo lingine lolote.