Kupunguzwa kazi ukiwa na miaka 54

Pole sana, mzee wangu. Mameneja watatu mmepunguzwa, wote mmepita hamsini, na wiki mbili baadaye kijana amekalia kiti chako kwa cheo kilichobadilishwa jina. Hapo pana harufu. Ile karatasi ya "sina madai zaidi" usiitie saini kwanza. Watu huisaini kwa uchungu, mradi cheki itoke, halafu inawarudia mahakamani.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 haikutaja umri kwenye orodha yake ya ubaguzi (ajabu, lakini ndivyo), ila Katiba, kifungu cha 27, inautaja waziwazi. Silaha yako kali, kwa maoni yangu, ni kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira, kinachomdai mwajiri haya: ilani ya mwezi mmoja, afisa wa leba naye ajulishwe, vigezo vya kuchagua nani aende, miaka ya utumishi ikiwemo, na fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimiza. Waulize kwa barua walitumia vigezo gani.

Lile tangazo la nafasi yako walilobandika mtandaoni lipige picha leo, tarehe ionekane. Una miaka 3 ya kufungua kesi kwenye Mahakama ya Ajira, Milimani, Nairobi, lakini tangazo hufutwa kwa dakika moja.